Bwana wa Kisima Kikavu Anacheka

Zhuang Xiuluan alirusha mbao, na Bwana wa Kisima Kikavu akamcheka tena.

Mbao zenyewe ni vipande viwili vya mzizi wa mwanzi, umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa na wa pili umebinuka, na rangi yake nyekundu imeshaliwa nusu na mikono ya watu. Ukipiga magoti mbele ya sanamu ya Bwana hekaluni ukauliza, kisha ukazirusha, moja ikalala chali na mwenziwe kifudifudi, Bwana amesema ndiyo. Zote kifudifudi, amekataa. Zote chali, huyumbayumba kwa migongo yao pale sakafuni, na hapo ndipo watu husema Bwana anacheka. Kwa Xiuluan alikuwa anacheka tangu mvua za mwaka ule zianze, kila mwezi unapoandama na kila unapokuwa mpevu. Mwanamke huyo alikuwa mkuu wa chumba cha kushonea katika kiwanda cha miavuli, na hakuzoea kuchekwa na mtu. Alianza kuona haya mbele ya wenziwe waliopiga magoti kando yake.

"Leo tena?" Bi Shi alimwuliza. Huyu Bi Shi ndiye aliyekuwa akifagia hekalu na kuuza udi mlangoni, na masikio yake yalikuwa mazuri kuliko magoti yake.

"Leo tena."

"Ulijitambulisha vizuri? Jina ulimtajia?"

"Nilimtajia jina, siku ya kuzaliwa kwa kalenda ya mwezi, mtaa, jengo, ghorofa na mlango. Nikiongeza atanidai na funguo."

"Basi tatizo ni swali. Swali lisilo na mpini, Bwana atalishika wapi?" Bi Shi aliegemea ufagio wake. "Au labda jibu unalo mwenyewe, naye anaona unampotezea wakati. Marehemu mume wangu alikuwa akija hapa kumwuliza kama pombe inamdhuru. Alichekwa mpaka siku tulipomzika."

"Mimi sinywi, Bi Shi."

"Sijasema unakunywa."

Xiuluan aliziokota mbao, akazirudisha juu ya meza ya sadaka kando ya machungwa, akaenda zake. Njiani aliamua kuwa tatizo ni swali. Kati ya maneno mawili ya Bi Shi, hilo ndilo lililokuwa jepesi kubeba.

Swali lake lilikuwa moja, ingawa kila mara alilivisha nguo nyingine: aache kazi au asiache? Alianza kwa kuuliza kama Meneja Qiao ataondoka kiwandani. Bwana akacheka. Akauliza kama binamu yake Rongfa, mwenye karakana ya soli za viatu, atamweka vizuri akihamia kwake. Akacheka. Akauliza kama mtu mwenye heshima zake anastahili kupelekwa stoo kupanga vipini vya miavuli. Hapo alicheka mpaka ubao mmoja ukabingirikia chini ya meza, na Xiuluan akalazimika kuutafuta kwa kutambaa.

Mji ule wa pwani unakula kwa mwavuli. Mtaa mmoja unachonga vipini, wa pili unapinda vyuma, wa tatu unashona, na mvua ikinyesha hakuna anayelalamika. Xiuluan aliingia kiwandani akiwa msichana ambaye miguu yake ilikifikia kikanyagio cha cherehani kwa taabu. Alifundishwa na marehemu Bi Ke, mwanamke mkali aliyefundisha kwa rula zaidi ya mdomo. Enzi hizo kila mshonaji alishona paa zima la mwavuli, pande zote nane, kutoka ukingoni mpaka kichwani. Na kazi yote iko kichwani. Hapo ndipo pande nane zinapokutana, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba, na hapo Bi Ke hakutaka uzi ukazwe. Ulitakiwa ulegee kiasi cha ukucha. Mwavuli uliofungwa haukusumbui. Ukifunguliwa, vyuma vinavuta kitambaa pande zote, na kama uzi ulikazwa, matundu ya sindano yanapanuka. Bi Ke hakuwahi kulieleza jambo hilo kwa maneno. Alibonyeza kwa kidole gumba, akakutazama, na ukikosea akakuchapa rula.

Ndipo akaja Qiao Zhiping. Alitoka Shanxi, bara kabisa, ambako watu hula tambi na siki na mvua ni habari ya kusikia. Mwenye kiwanda alimtoa kwenye kiwanda cha mikoba ili aharakishe kazi, naye akaiharakisha. Alivunja utaratibu wa paa zima, akawapanga washonaji kwa mstari, kila mmoja na mshono wake mmoja. Na siku ya kwanza ya mstari huo alisimama mbele ya chumba kizima, mikono nyuma, akasema: "Ujuzi unaokaa kichwani mwa mtu mmoja ni hasara kwa kiwanda."

Hakumtaja mtu. Hakuhitaji kumtaja. Macho yote yalimgeukia Xiuluan.

Sentensi ile ilimchoma kuliko tusi, na alikwenda nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Mtu akikutukana unaweza kumrudishia. Huyu alikuwa amesema kweli kwa namna ya kumvua nguo.

Kesho yake Qiao alibandika karatasi ukutani juu ya vyerehani, yenye michoro ya kila mshono. Xiuluan alikwenda kuisoma, chupa yake ya chai mkononi. Mshono wa ukingo, sawa. Mshono wa ubavu, sawa. Mshono wa kichwa: kaza uzi.

Aliisoma mara ya pili. Baadaye Qiao aliwakusanya akauliza, "Kuna mwenye la kusema?" Xiuluan alitazama kucha zake. Mkutano ukaisha.

Mshono wa kichwa alipewa msichana mpya, Tu Yinhua, aliyetoka milima ya Guizhou na vidole vyembamba kama vijiti vya kulia. Alikuwa mshonaji hodari. Karatasi ikisema kaza, alikaza, na hakuna aliyekaza vizuri kama yeye. Kila mara Xiuluan alipopita nyuma yake na kuona uzi ulivyovutwa, alijiambia kuwa meneja anayejua yote na ajue na hili.

Miavuli ikavuka bahari, na ikarudi. Ilikuwa inavuja kichwani, tone kwa tone, juu ya utosi wa mtu. Mwenye kiwanda alimpigia Qiao kelele mpaka wapishi wa kantini wakasikia. Qiao naye akatafuta mshono uliovuja ni wa nani, na ukawa wa Yinhua. Msichana akaambiwa afungashe virago.

Xiuluan ndiye aliyemsindikiza stendi. Alimchemshia mayai kwa majani ya chai na mchuzi wa soya, akayafunga kwenye taulo yakiwa bado ya moto, akamwambia ale njiani asije akaumwa na tumbo. Chumba kizima kilimsifu. Dada Luan ana roho nzuri, walisema, na yeye mwenyewe aliamini hivyo mpaka usiku wa siku ya pili.

Maana siku hiyo mstari ulimpata msichana mwingine wa mshono wa kichwa, karatasi ikabaki ukutani, na miavuli ikaendelea kuvuja. Ndipo Qiao alipomwita ofisini na kumpa neno la mwisho: mwezi ukiisha awe amekubali kuusimamia mstari ule mpya, la sivyo atahamia stoo. Xiuluan alisema atafikiri. Hakufikiri. Alikwenda kwa Bwana kuchekwa.

Siku ya mwezi mpevu hekalu lilijaa. Kulikuwa na moshi wa udi wa kutoa machozi, kuku wa kuchemsha juu ya meza, na akina mama waliokuwa wakimnong'oneza Bwana mambo ya wakwe zao. Xiuluan alipata nafasi kwenye mto wa kupigia magoti ulio ukutani. Hata hajafumba macho, akasikia kando yake sauti nene ya kibara, inayosemwa kwa nguvu kama anayesema naye ni kiziwi.

"Heshima yako, Bwana! Jina langu Qiao Zhiping! Nimekuletea siki ya kwetu!"

Alikuwa yeye. Alikuwa amepiga magoti na suruali yake ya ofisini, ameweka mbele yake chupa ya siki nyeusi iliyofungwa utepe mwekundu. Bi Shi alikuwa amesimama nyuma yake, amejiziba mdomo kwa kiganja. Katika maisha yake yote alikuwa hajamwona mtu akimtolea Bwana siki.

"Wamesema mtu akikwama kazini hapa mjini anakuja kwako," Qiao aliendelea. "Basi nimekwama. Nauliza, niondoke au nibaki?"

Akarusha mbao, tena kwa nguvu, kama karata. Moja ilimgonga Xiuluan gotini. Zote chali. Zikayumbayumba.

"Hiyo ni nini? Ni ndiyo?" Qiao alimwuliza aliye karibu, pasipo kutazama ni nani.

Xiuluan angeweza kunyamaza. Lakini miaka mingi ya kuwasahihisha watu haiishi mtu anapopiga magoti. "Haulizwi hivyo!" alisema. "Niondoke au nibaki, aseme ndiyo kwa lipi? Amekucheka."

Qiao aligeuka. "Dada Zhuang!"

"Meneja."

Walitazamana. Hapakuwa na pa kukimbilia; mbele Bwana, nyuma Bi Shi, kulia mama mmoja na kuku wake.

"Na usipige kelele," Xiuluan akasema, maana alikwishaanza. "Bwana si fundi wa mashine. Na hujasema unakaa wapi."

"Niseme anwani ipi? Ya Shanxi au ya bweni la kiwanda?"

"Unapolala."

"Silali," Qiao alisema.

Alisema kama anayetoa taarifa ya kazi, lakini Xiuluan alimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na akaona ni kweli. Macho ya mtu yule yalikuwa yameingia ndani. Hakupenda kuliona hilo. Kumchukia mtu aliyelala vizuri ni kazi rahisi zaidi.

"Sema bweni, basi," alimwambia. "Kisha uliza jambo moja, na liwe lako. Usimwulize moyo wa mtu mwingine."

Qiao aliokota mbao. Akataja bweni na chumba chake, akashusha sauti. Hata hivyo Xiuluan alisikia, maana walikuwa bega kwa bega.

"Miavuli inavuja. Nimebadilisha uzi, nimebadilisha kitambaa, nimebadilisha sindano, nimemfukuza msichana wa watu na bado inavuja. Mwenye kiwanda amenipa mpaka mwisho wa mwezi, kisha nirudi kwetu. Bwana, nauliza jambo moja. Kosa ni langu?"

Akazirusha, mara hii polepole. Zikaanguka kifudifudi zote mbili, zikakaa kimya.

"Hiyo je?"

"Amesema hapana," Xiuluan alijibu.

Mbao hazina macho. Zinaanguka zinavyoanguka, na pengine siku nyingine zingeanguka vingine, kwani karatasi ile ilibandikwa na Qiao kwa mikono yake. Lakini Xiuluan alijiona ametajwa yeye. Qiao alijipangusa uso kwa kiganja, akabaki akizitazama zile mbao. Kisha akazikusanya kwa adabu aliyokuwa amejifunza muda huohuo, akampa Xiuluan kwa mikono miwili.

"Asante. Zamu yako, Dada Zhuang. Nimekuchelewesha."

Alizipokea. Zilikuwa na joto la mikono ya mtu yule. Swali lilikuwepo, na safari hii lilikuwa na mpini, mfupi na wa kushikika: kosa ni langu? Alijiona anazirusha, akajiona anazitazama zinavyolala chali, zinavyoyumbayumba, na akajua kuwa angechekwa na angestahili. Mume wa Bi Shi alikuwa akimwuliza Bwana habari za pombe huku ananuka pombe.

Akazirudisha mezani, kando ya ile chupa ya siki.

"Huulizi?" Qiao alishangaa.

"Siulizi. Najua." Alikuwa bado amepiga magoti, na alisema akitazama mbele, kwa Bwana, maana ilikuwa nafuu. "Karatasi yako inasema kichwani uzi ukazwe. Kichwani haukazwi. Unalegezwa kiasi cha ukucha. Ukikazwa, unavuja."

Qiao alimgeukia. Yule mama mwenye kuku alikuwa ameacha kusali, anasikiliza.

"Umejua lini?"

"Kabla hujazaliwa kiwandani kwetu. Niliiona karatasi siku uliyoibandika."

"Niliuliza mkutanoni," Qiao alisema polepole. "Niliuliza kama kuna mwenye la kusema."

"Uliuliza."

"Na wewe?"

"Nilitazama kucha zangu."

Mishipa ilimtoka Qiao shingoni, na Xiuluan akangoja apigiwe kelele. Alitamani apigiwe. Lakini yule mtu alisimama tu, akapangusa magoti ya suruali yake kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

"Nimemfukuza yule msichana," alisema hatimaye.

"Umemfukuza. Nami nikampa mayai."

"Kesho," Qiao akaanza.

"Kesho bandua karatasi yako. Wakusanye wasichana wote kabla ya kengele, nitawaonyesha. Stoo nitakwenda baada ya hapo ukitaka. Hilo si la Bwana, ni lako."

Qiao aliitikia kwa kichwa, akatoka bila kuaga, akiwa amesahau hata kuchoma udi wake. Mficha uchi hazai, lakini anayejifunua naye hapongezwi papo hapo. Xiuluan hakuwa mtoto wa kutarajia hivyo. Alibaki pale. Sasa alikuwa na swali la kweli, la kwanza tangu mvua zianze, jambo asilolijua jibu lake. Akanyoosha mkono kuzichukua mbao.

"Unamwuliza nini tena?" Bi Shi alisema nyuma yake. Alikuwa hajasogea hatua.

"Kama Yinhua akiitwa atarudi."

"Ah! Ondoa mkono wako hapo. Bwana ana watu wamepanga foleni mpaka barabarani. Namba ya simu ya mtoto unayo?"

"Ninayo."

"Basi usimtume Bwana Guizhou kwa miguu."

Xiuluan alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za hekalu kati ya muuza tambi za uji na pipa la kuchomea karatasi za sadaka. Alipiga. Alikuwa na hakika haitapokelewa, na kwa siri alitumaini isipokelewe.

"Shangazi Luan!" Sauti ya Yinhua ilikuwa changamfu, na nyuma yake jogoo alikuwa akiwika. "Nilikuwa nikusalimie jana, mama akanituma mahindi. Hamjambo huko? Mvua bado?"

"Bado. Yinhua, nisikilize." Alikuwa amepanga maneno, nayo yakamtoroka. "Ule mshono wa kichwa. Kosa halikuwa lako. Karatasi ilikosea, na mimi..."

"Najua, shangazi."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nimekaa chini yake, pale kwenye cherehani cha mwisho. Nilikuona ukiisoma. Uliisoma mara mbili, ukafanya hivi kwa kidole gumba, kama unabonyeza kitu hewani. Kisha ukanyamaza." Jogoo aliwika tena. "Nikajua kuna kitu hakiko sawa. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Xiuluan aliziba sikio la pili, ingawa barabara haikuwa na kelele. "Na ulipofukuzwa, mbona hukusema? Mbona hukunitaja?"

Msichana alicheka kidogo, kicheko cha haya.

"Ningesemaje, shangazi? Ulikuwa umenichemshia mayai."